Mkono Mmoja wa Maji

Baba yangu mtaani wanamwita Kiwiko. Jina hilo hakulipata kwa ugomvi wala kwa mpira. Alilipata kwa sababu kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alipandisha mkono wa shati, akachutama ukingoni mwa bwawa lake la samaki na kutumbukiza kiwiko ndani ya maji, macho ameyafumba, mpaka aridhike na joto lake. Ndivyo mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Watu wakimwambia siku hizi kuna vipimajoto, alijibu kwamba kiwiko chake hakijawahi kuishiwa betri.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba. Ni la saruji, hatua kumi kwa tano, na likijaa maji yananifika kifuani. Humo alifuga perege wazazi arobaini, wale wakubwa wa kuzalisha vifaranga, ambao aliwachagua mmoja mmoja kwa miaka kumi na moja. Vifaranga waliuzwa, wazazi walibaki. Yeye aliwajua kwa sura na tabia. Mimi niliona samaki arobaini wanaofanana.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara, na kwenye bwawa nilichofanya miaka yote ni kumwaga chakula asubuhi na jioni. "Maji niachie mwenyewe," Baba alikuwa akisema. Nilimwachia kwa moyo mkunjufu, maana sipendi kuloa.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, akakaa hospitali wiki tatu. Katika wiki ya tatu maji yalianza kuwa mazito kama supu ya jana, na asubuhi nilikuta samaki wamepanda juu wote, wanapiga midomo hewani. Siku ya Alhamisi nikaenda kumwambia.

Alinisikiliza akiwa ameegemea mto. Kujibu kulimchukua muda, kila neno alilivuta kutoka mbali.

"Toa... mkono mmoja," alisema. "Rudisha... pole pole."

Muuguzi akaingia kusema muda wa wageni umekwisha. Nilipofika mlangoni mwa wodi niligeuka. Baba alikuwa ameinua mkono wake mzima, wa kushoto, kiganja kimenielekea, vidole vimenyooka juu. Sikuwa nimemwona akiinua kitu chochote tangu augue. Nikampungia. Yeye hakuushusha. Nikampungia tena, nikaondoka huku machozi ya furaha yananitoka.

Nje nikakutana na kaka yangu, ambaye alikuwa ametoka kuzungumza na daktari. Baba angeruhusiwa Jumamosi saa sita mchana, na asipewe habari za kumshtua.

"Akifika ataulizia vitu viwili," kaka alisema. "Chai na samaki. Chai ipo. Samaki nakuachia wewe."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi maneno hayo yaliniingia. Nilitaka Baba afike akute samaki wake arobaini wazima ndani ya maji safi. Sikutaka kitu kingine duniani, na mimi nikitaka kitu sina usingizi wala kituo.

Ijumaa niliamka kabla hapajapambazuka vizuri. Sasa, kwa fundi wa nguo mkono ni mkono: unaanzia begani, unaishia kwenye kifundo. Mkono wa Baba naujua kwa moyo, nimemshonea mashati tangu nilipojifunza kazi. Ni inchi ishirini na nne. Nilifunga tepu yangu kwenye fito, nikaisimamisha ndani ya bwawa, nikapiga alama ya chaki inchi ishirini na nne chini ya usawa wa maji. Nikachomoa kizibo cha bomba la chini, maji yakaanza kwenda bustanini.

Nilirudi kwenye cherehani, lakini kila nikimaliza mshono nilitoka kuchungulia. Nilishona kola ya gauni upande mmoja nikatoka, nikashona upande wa pili nikatoka. Maji yalipofika kwenye chaki, nusu ya bwawa ilikuwa imekwenda na migongo ya samaki ilikuwa inaonekana. Nilishtuka kidogo. Nikajiambia, lakini ndivyo alivyosema mwenyewe, mkono mmoja. Nikarudisha kizibo.

Kurudisha maji Baba ana njia yake. Maji yetu yanatoka mlimani kwa bomba, ya baridi mwaka mzima, kwa hiyo yeye huunga mpira mweusi mwembamba, akauzungusha juu ya bati la banda, jua likayapasha maji kabla hayajaingia bwawani. Kwa njia hiyo nusu bwawa lingejaa kwa siku tatu. Mimi nilikuwa na siku moja, na jua halikuwapo. Tangu juzi yake mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji hayataki kuondoka. Nilikumbuka "pole pole", sisemi sikukumbuka. Nilisimama na koki kubwa mkononi, nikaikumbuka, halafu nikaifungua yote.

Saa nne asubuhi bwawa lilikuwa limejaa, maji meupe unaona hadi chini. Nilijipongeza. Nilijisemea kwamba kumbe kazi yenyewe aliyoing'ang'ania miaka yote ni hii tu. Nikaketi kushona.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni msusi, na siku hizo walikuwa wakiishi nasi. Alikuja mlangoni na kitana mkononi.

"Wifi, samaki wako wamelala."

"Wamelala vipi?"

"Ubavu."

Sikumbuki nilivyofika bwawani. Walikuwa chini kabisa, wamejikusanya, wengine wameinama upande mmoja, mapezi hayachezi. Nilitia mkono ndani na baridi ikanipanda hadi begani. Nikautoa nikautia tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa tofauti.

"Ngoja tupime," wifi akasema. Alikimbia ndani akarudi na kipimajoto cha homa cha mwanawe. Tulikitumbukiza, tukahesabu, tukakitoa. Zebaki haikusogea hata kidogo, maana kipimo hicho kinaanzia kwa watu walio hai.

"Kinasema wamekufa," wifi alisema.

"Kiondoe hicho."

"Nimesema tu kinavyosema."

Tukaingia jikoni. Tulikoka majiko mawili, tukatoa na la tatu la kuni uani, tukabandika kila sufuria iliyokuwa na kitako. Maji yakichemka tunayabeba mtu na mwenzake, tunayamwaga, tunarudi. Nilihesabu sufuria mpaka ya ishirini na mbili. Kila tulipomwaga mvuke ulipanda, nikatumbukiza vidole haraka, na hatua moja tu pembeni maji yalikuwa yale yale. Samaki mmoja aliyekuwa karibu na tulipomwaga alishtuka, akaruka, akaenda kugonga ukuta.

"Wifi, hili bwawa linatucheka," wifi akasema. Jasho lilikuwa linamtoka na mkono mmoja ulikuwa umeungua. "Tungekuwa tunapika chai tungenywesha mji mzima."

Nilikuwa nazunguka bwawa, nafika kona, nageuka, nazunguka tena. Kukaa sikuweza, kusimama sikuweza. Kwenye mzunguko sijui wa ngapi, nikiwa kwenye kona ya upande wa jirani, nikaona kitu cheupe kinapanda pole pole kutoka chini. Kilikuwa tumbo. Perege wa kwanza.

Nilipiga magoti nimtoe kabla wifi hajamwona, kana kwamba wifi ndiye aliyekuwa akihesabu. Mkono wa kulia ulimfikia samaki, wa kushoto niliushikiza ukutani ndani ya maji nisije nikatumbukia. Ukutani kulikuwa na ute wa kijani, na chini ya ute vidole vyangu viliingia kwenye vishimo. Vishimo vitano.

Nilimweka samaki chini. Nilisugua ukuta kwa kanga, ute ukatoka vipande vipande, na chini yake, ndani ya saruji, kulikuwa na alama ya mkono wa mtu. Kiganja kizima, vidole vinatazama juu. Ncha za vidole zilikuwa sawasawa na usawa wa maji bwawa likijaa. Chini, pale kiganja kinapoishia kwenye kifundo, palikuwa pamechorwa mstari kwa msumari.

Mkono mmoja. Urefu wa kiganja, hauzidi inchi nane. Aliubandika pale siku saruji ilipokuwa mbichi ili asihitaji fito wala tepu wala mtu wa kumsaidia. Na Alhamisi pale kitandani, ulimi ulipokataa kumweleza binti yake mambo mengi, alimwinulia kiganja amwonyeshe, akakishikilia hewani ili aelewe. Binti yake akampungia. Mara mbili.

Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine. Nilitoa mara tatu ya alichosema, nikarudisha kwa pupa, na sasa vitu alivyovilea miaka kumi na moja vilikuwa vinanifia mbele ya macho, na kesho saa sita angekuwa anaingia mlangoni.

"Leo moshi unatoka kwenu unakuja kwangu," sauti ikasema kutoka juu.

Alikuwa jirani yetu mwokaji mikate, kichwa chake kimetokeza juu ya ukuta. Mtaani wanamwita Hamira, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu hasira zake huumuka upesi. Yeye na Baba walikuwa hawajasalimiana kwa miaka miwili. Baba alisema masizi ya bomba lake yanaangukia bwawani, Hamira akasema mikate yake inanuka shombo, Baba akapandisha ukuta kwa mistari minne ya matofali, mambo yakaishia hapo. Ili kuniona alikuwa amepanda juu ya kitu, nadhani makreti ya mikate.

"Shikamoo," nilisema. Nilitaka kuendelea kuzungumza kwa heshima, lakini badala yake nililia.

"Marahaba. Kiwiko amefanya nini?"

"Baba mzima, anarudi kesho. Mimi ndiye nimeua samaki wake."

Nilimweleza yote, tangu tepu hadi sufuria. Aliponisikia nimepima mkono wa shati, mashavu yake yalitikisika, lakini hakucheka. Alitazama bwawa, akatazama majiko yangu matatu.

"Naona maji yamezidi unga," alisema. "Samaki wako wangapi?"

"Walikuwa arobaini."

"Wakijibana wanajaza wapi?"

"Kona moja inawatosha."

"Sasa unapasha bwawa zima la nini? Mimi nikiwa na sinia moja la mikate sikoki tanuri kubwa." Akaashiria upande wake. "Pasha kona. Juu ya tanuri langu kuna mapipa mawili ya maji ya kuoshea sinia, hayapoi asubuhi wala jioni. Kiwiko si alikuwa na pampu?"

"Ipo."

"Basi tusikae. Wewe ni fundi wa nguo, utakata kona kwa nini?"

Nilifikiri kidogo tu. "Kwa pazia," nikasema.

Watu walikuwa wakisema Hamira ana mkono wa birika. Siku ile aliturushia juu ya ukuta mifuko ya plastiki inayokaa ndani ya magunia ya unga, mifuko sitini na kitu aliyokuwa ameikunja na kuitunza, na mimi nikaipeleka kwenye cherehani. Plastiki haipendi sindano, ukishona karibu karibu inachanika mstari mzima. Nililegeza uzi, nikaweka mshono mrefu, na kila kiungo nikakikunjia ukanda wa kitambaa wa mabaki ya nguo za wateja. Chini nikashona pindo pana, wifi akalijaza mchanga ili pazia lizame na kusimama. Mara mbili nilijichoma kidole nisijue mpaka nilipoona damu kwenye plastiki.

Ilipofika saa tisa pazia lilikuwa tayari, hatua nne kwa urefu, na kipande kingine cha kufunika kona kwa juu. Nikavua kanga ya juu nikaingia majini, mimi nisiyependa kuloa. Baridi ilinikaba pumzi. Tulishika wavu, wifi upande wake amevaa suruali ya kaka, mimi upande wangu, tukatembea hatua kwa hatua tukiwasukuma samaki kwenye kona ya ukuta wa Hamira. Walikuwa wazito, wengine hata hawakukimbia wavu. Nilimshika mmoja kwa mikono nikambeba mwenyewe. Tuliposhusha pazia nyuma yao nilihesabu thelathini na sita. Wanne walikuwa kwenye ndoo.

Pampu ilipeleka maji ya kona juu ya ukuta, yakaingia kwenye mapipa, na mpira wa pili ukayarudisha. Yalipoanza kurudi yalitoka ya moto, Hamira akapiga kelele kutoka upande wake.

"Bana mpira! Ukiwapa joto kwa ghafla utawamalizia!"

Nilibana mpira kwa vibanio vya nguo mpaka maji yakawa ya kudondoka tu. Kila baada ya muda nilibandua kibanio kimoja. Vidole vyangu havikunisaidia kupima, vimechomwa na sindano miaka mingi havisikii vizuri. Nikapandisha mkono wa gauni nikatumbukiza kiwiko. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Baba hutumia kiwiko. Ngozi ya pale haijafanya kazi yoyote, haina usugu, inasema kweli. Ilikuwa inaniambia bado.

Hamira alikaa upande wake na kuni, mimi upande wangu na vibanio. Katikati kulikuwa na ukuta.

"Sikwenda kumwona hospitali," alisema mara moja, bila kuulizwa. "Nilifika getini mara mbili. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Masizi yako salama?"

Nilicheka, nikashangaa kwamba naweza kucheka. Ilipokaribia magharibi, kiwiko kilianza kusikia kitu. Si joto, ila ile baridi ya kuuma ilikuwa imeondoka. Hamira alisema ana mikate ya asubuhi ya kuoka, kwa hiyo moto hautazimwa, na mimi niende nikalale. Nililala, kama kuamka kila saa kunaitwa kulala.

Jumamosi asubuhi nilikuta mmoja zaidi amekufa. Wengine thelathini na watano walikuwa wamesimama wima, wanapeperusha mapezi. Nilitupa chembe kumi za chakula, zikakaa juu, zikakaa, halafu mdomo mmoja ukaja ukachukua moja. Nilimwita wifi aje aone, na aliyekuja kwanza juu ya ukuta ni Hamira.

Baba alifika saa sita na nusu, kaka kamshika kiunoni, fimbo katika mkono wa kushoto. Wifi alikuwa ametandika meza.

"Chai baadaye," Baba alisema, akapita.

Nilimfuata nyuma roho mkononi. Aliona mipira miwili imepanda juu ya ukuta wa jirani. Aliona pazia la plastiki lenye viraka vya vitambaa vya maua. Aliona majiko matatu ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Nilikuwa nimepanga kumweleza kabla hajauliza, lakini sasa mwenye ulimi mzito nilikuwa mimi.

Tulimketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye kona yenye samaki. Alijaribu kupandisha mkono wa shati wa kulia kwa kutumia kushoto, ikashindikana. Nikampandishia. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaunyanyua, akauingiza majini hadi kiwiko kikazama, akafumba macho.

Tulingoja. Nilikuwa nimemwona muuguzi, wiki ya kwanza, akiuchoma mkono ule ule kwa pini mbele yangu, na Baba akiendelea kutazama dirishani. Nilijua na sikusema. Upande wa pili wa ukuta kishindo cha sinia kilikuwa kimenyamaza.

Baba akafumbua macho.

"Sisikii," alisema.

Kaka akasema, "Jaribu wa kushoto, Baba."

Alitikisa kichwa. "Huu... haujui kazi." Akanigeukia mimi. "Weka wako."

Nilipiga magoti kando yake, nikatumbukiza kiwiko. Mikono yetu ilikuwa majini pamoja.

"Niambie."

"Ni ya uvuguvugu," nilisema. "Upande wa ukutani yako sawa. Huku kwenye pazia bado yana baridi kidogo."

"Wangapi?"

"Watano, Baba." Na hapo yakatoka yote, tepu, inchi ishirini na nne, koki kubwa, sufuria. "Nilipima mkono wa shati lako. Ulikuwa unanionyesha pale kitandani, mimi nikakupungia."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kaka alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Lakini Baba alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo ilikuwa inacheka na nusu imelala, machozi yanamtiririka upande mmoja.

"Mkono wa shati," alisema. Alicheka tena mpaka akakohoa. Alipotulia uso wake ulikuwa umebadilika. "Sikukufundisha. Miaka yote... nilijiwekea mwenyewe. Kosa langu hilo."

Alinishika mkono kwa kushoto kwake, akaupeleka ukutani chini ya maji, mahali nilipokuwa nimesugua. Kiganja changu kikaingia ndani ya kiganja chake. Vidole vyangu havikufika kwenye ncha, vilipungukiwa na urefu wa ukucha.

"Utatoa kidogo kuliko mimi," alisema. "Afadhali. Mkono... ni huu sasa."

Alinyanyua uso kuelekea ukutani. "Hamira. Moto wako mzuri."

"Karibu nyumbani, Kiwiko," ukuta ukajibu.

Kaka akamwinua wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki nikiweka sawa vibanio vya mpira. Nilipotazama, Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, amemwegemea kaka, na mkono wake wa kushoto ameuinua, kiganja kimenielekea, vidole vimenyooka juu. Niliacha vibanio. Nilisogea hatua tatu niuone vizuri, nikapima kwa macho kutoka kifundo hadi ncha, nikatazama maji ya bwawa kubwa, nikamtazama tena. Nilikuwa tayari kufanya chochote anachonionyesha.

"Nakuaga tu, mwanangu," alisema. "Punga."

Nikampungia.